Mwaka Mmoja Ndani ya Chama cha Wahandisi wa Metali Dodoma: Tathmini ya Mwanachama

Kila Alhamisi ya pili ya mwezi, saa kumi na moja na nusu jioni, meza ndefu husogezwa mbele ya ukumbi mdogo uliokodiwa katikati ya jiji la Dodoma, na kabla mwenyekiti hajafungua kikao, wanachama huanza kupanga juu yake vitu vilivyoharibika: boliti iliyokatika shingoni, jino la gia lililong'oka, kipande cha bomba kilicholiwa na kutu hadi kikawa na matundu kama chekecheke. Kila kitu huwekewa karatasi yenye maelezo mafupi ya mahali kilikotoka, muda kilichofanya kazi na namna kilivyovunjika. Hakuna anayeruhusiwa kuosha sehemu iliyovunjika, wala kushikanisha vipande viwili ili kuona kama vinakaa sawasawa, kwa kuwa nyuso za mvunjiko zikisuguana ushahidi wote hufutika.

Nimekuwa mwanachama wa chama hiki kwa mwaka mmoja kamili. Nimehudhuria vikao tisa kati ya kumi na kimoja, ziara mbili za karakana na siku mbili za mafunzo, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mhandisi au fundi wa Dodoma, Manyoni au Singida anayejiuliza kama ada ya shilingi 80,000 kwa mwaka inastahili kulipwa. Jibu langu ni kwamba inastahili, na sababu yake karibu yote iko juu ya meza ile. Shughuli nyingine za chama nimezipima kwa kuangalia ziko karibu kiasi gani na meza hiyo, na zile zilizokuwa mbali nayo hazikunipa kitu cha kurudi nacho kazini.

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba wahandisi wa metali wanatosha kuunda chama katika mji ambao wengi huufahamu kwa zabibu, karanga na shughuli za serikali. Hata hivyo Dodoma ni nyumba ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo historia yake inarudi nyuma hadi mwaka 1925. Hapa yapo makao makuu ya Tume ya Madini. Hapa kipo Chuo cha Madini, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha uhandisi wa metalojia na uchakataji wa madini. Watu wa kundi hilo, wanaojua kutenganisha dhahabu na mwamba, ndio waliokuwa wengi kwa muda mrefu. Baada ya serikali kuhamia hapa na ujenzi kushamiri kuanzia Mtumba hadi Msalato, likaja kundi la pili la watu wa nondo, mapaa ya chuma, mabomba na reli. Makundi haya mawili yalisoma vitabu vinavyofanana lakini yalikuwa hayazungumzi, na chama kimeyakalisha pamoja. Hilo peke yake ninalihesabu kuwa huduma.

Katika kikao changu cha kwanza kililetwa kipande cha mhimili wa mashine ya kusaga unga kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi. Mhimili ulikuwa umekatika mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mara mwenye mashine alinunua chuma kigumu zaidi na cha bei kubwa zaidi, akiamini kwamba muuzaji wa awali alimpa chuma kibovu. Tuliupitisha mkono kwa mkono chini ya taa. Uso wa mvunjiko ulikuwa na sehemu mbili: sehemu kubwa iliyokuwa laini, yenye mistari iliyopinda ambayo mwanafunzi mmoja aliifananisha na miduara ya mti uliokatwa, na sehemu ndogo yenye chembechembe mbaya kama sukari guru iliyovunjwa. Mzee mmoja, mstaafu aliyefanya kazi kwenye karakana za reli kwa zaidi ya miaka thelathini, aliomba atuulize swali moja tu: ile mistari inaanzia wapi? Tulipoifuata kwa ncha ya kalamu, ilitupeleka kwenye kona ya mfereji uliochongwa ili kufungia puli, na kona hiyo ilikuwa imekatwa kwa pembe kali kama kona ya sanduku.

Huo ndio uchovu wa metali, na sijawahi kuusikia ukielezwa vizuri zaidi ya siku ile. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuta mhimili upande mmoja, na kwa kuwa mhimili unazunguka, kila sehemu ya ngozi yake huvutwa na kubanwa mara moja kwa kila mzunguko. Mashine inayozunguka mara 600 kwa dakika huupinda mhimili mara 36,000 kwa saa. Ikifanya kazi saa sita kwa siku, zaidi ya mapindo milioni 10 hutimia katika siku 50. Kona kali hukusanya nguvu zote mahali pamoja, ufa mdogo huzaliwa, husogea kidogo kila siku na kuacha mistari ile, hadi chuma kilichobaki kinakuwa kidogo mno kubeba kazi, kisha hukatika kwa mara moja na kuacha ile sehemu ya chembechembe. Mzee alitukumbusha kwamba jambo hili lilichunguzwa kwa mara ya kwanza kwa utaratibu na mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, katika miaka ya 1850 na 1860, kwa sababu ya mihimili ya mabehewa iliyokuwa ikikatika bila kuonyesha dalili yoyote ya kupinda.

Ushauri uliotoka mezani haukugharimu kitu. Kona ya mfereji ichongwe kwa mviringo, puli isogezwe karibu na beringi, na mkanda ulegezwe hadi uweze kubonyea kidogo kwa kidole. Chuma kibaki kilekile cha bei nafuu. Mhandisi aliyeuleta mhimili ule alirudi miezi minane baadaye kutueleza kwamba mashine inasaga, na mwenye mashine ametutumia salamu.

Mihadhara, ambayo ndiyo kazi inayotangazwa zaidi na chama, haiko katika kiwango kimoja. Uliokuwa bora ulihusu reli, na ulikuja wakati mwafaka, kwa kuwa treni ya reli ya kisasa ilianza safari zake za abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024 na watu wengi mjini walikuwa wakiuliza kwa nini haitoi ule mlio wa tak-tak ambao wamekua nao. Mtoa mada alianza na mlio wenyewe. Reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, iliungwa kwa vibao na boliti, na mwanya mdogo uliachwa kati ya kipande kimoja cha reli na kingine ili chuma kipate nafasi ya kutanuka juani. Gurudumu likiruka mwanya huo, ndipo mlio unaposikika. Reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435, imechomelewa ikawa ndefu mfululizo. Hapo ukumbi mzima uliinama kupiga hesabu: kilomita moja ya reli iliyoachwa huru hurefuka takriban milimita 12 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri ya baridi na reli iliyopigwa na jua la saa nane mchana ingeirefusha kwa karibu sentimita 36. Chuma hicho hakirefuki kwa sababu kimebanwa na vifungio, mataruma ya zege na kokoto, na badala ya kurefuka hubeba mkazo ndani yake mwenyewe. Ndiyo maana kazi ya kufunga reli hufanywa kwa kuzingatia joto la chuma la siku ile, na ndiyo maana kokoto zinazoonekana kumwagwa ovyo pembeni ya njia zina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kisha alitueleza namna ncha mbili za reli zinavyoweza kuunganishwa porini pasipo umeme, kwa kuwasha mchanganyiko wa unga wa alumini na oksidi ya chuma ndani ya chungu kilichowekwa juu ya kiungo. Alumini huinyang'anya oksidi ile oksijeni yake kwa joto linalofikia kiasi cha nyuzi 2,500 za selisiasi, na chuma kilichoyeyuka hutiririka kujaza nafasi iliyoachwa. Mbinu hiyo ilisajiliwa na Mjerumani Hans Goldschmidt mwaka 1895, na bado hutumika. Nilitoka kikaoni saa mbili usiku nikiwa na furaha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mihadhara mitatu kati ya tisa niliyohudhuria ilikuwa ya wauza bidhaa. Sina ugomvi na mfanyabiashara anayelipia ukumbi, na chama hakijaficha kwamba kinahitaji fedha hizo, lakini mtu anayekuja kusifia rangi ya kuzuia kutu anapaswa kuleta kipande cha chuma kilichopakwa rangi hiyo na kikakaa nje misimu kadhaa, si picha za viwanda vya ng'ambo. Nilipendekeza hivyo kwa maandishi na nikajibiwa kwa heshima. Sijaona mabadiliko.

Muhadhara wa nondo ningependa urudiwe kila mwaka, tena nje, kwenye maeneo ya ujenzi. Mtoa mada alikata nondo ya kisasa kwa msumeno, akausugua uso uliokatwa kwa msasa hadi ukang'aa, akaupaka asidi dhaifu, na mbele ya macho yetu ikajitokeza pete nyeusi kuzunguka kiini cha kijivu. Pete hiyo ni ngozi ngumu inayopatikana kiwandani kwa kuinyunyizia nondo maji ikiwa bado nyekundu, na kiini ni chuma laini kinachoiwezesha kupinda bila kukatika. Nondo isiyo na pete kamili, au yenye pete nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, inasimulia habari za uzembe wa kiwanda. Kwa kuwa wajenzi wengi hawana asidi wala msasa, alitupa pia kipimo kinachohitaji mizani tu: kipenyo kwa milimita kizidishwe kwa chenyewe, kisha kigawanywe kwa 162, na jibu ni uzito wa mita moja kwa kilo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7; ukipima ukapata kilo 8 na ushei, umeuziwa nondo nyembamba kwa bei ya nene. Nimekitumia kipimo hicho mara nne kazini kwangu tangu siku ile, na mara moja nimelirudisha gari na mzigo wake.

Kikao kilichohusu maji nacho kilikuwa na manufaa kwa sababu kiliyagusa maisha ya kila mkazi wa hapa. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu imetegemea visima vya bonde la Makutupora, na kila mwenye birika anajua chumvi inavyoganda ndani yake. Tulioneshwa koki ya shaba njano iliyokuwa na madoa mekundu, laini kiasi cha kukwanguliwa kwa kisu. Kloridi zilizomo majini zilikuwa zimeinyonya zinki kutoka kwenye aloi hiyo, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, na kuacha shaba tupu yenye vinyweleo, ambayo umbo lake ni zima lakini nguvu yake imekwisha. Tukaoneshwa pia bomba la chuma lililopakwa zinki, zima kabisa kwa urefu wa mita mbili na lililotoboka pale tu lilipounganishwa na kiungo cha shaba, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, iliyo dhaifu huliwa kwa ajili ya mwenzake. Swali lililoulizwa na mwanachama mmoja mama, mhandisi wa maji, la kwa nini maduka ya vifaa mjini hayauzi vipande vya plastiki vya kutenganisha viungo hivyo, lilibaki bila jibu, na nadhani lilistahili barua ya chama kwa wauzaji. Barua hiyo haijaandikwa.

Sasa nifike kwenye siku ya wachomeleaji, ambayo kwangu ilikuwa kilele cha mwaka na pia ndiyo iliyonionyesha kasoro kubwa ya chama. Ilifanyika Jumamosi katika karakana moja ya upande wa Kizota, na walikuja mafundi ishirini na watatu, wengi wao wanatengeneza mageti, madirisha na matela. Mwezeshaji alichukua vijiti vya aina mbili vinavyopatikana madukani, 6013 na 7018, akaeleza kwamba tarakimu mbili za mwanzo zinasema nguvu ya chini kabisa ya chuma kinachobaki kwenye kiungo, yaani pauni 60,000 au 70,000 kwa kila inchi mraba. Aliendelea kusema kwamba 7018 ni kijiti kizuri kwa kazi zinazobeba uzito, ila ni adui wa unyevu. Gamba lake likinyonya maji, joto la cheche huyavunja maji hayo, haidrojeni huingia ndani ya chuma, na ufa unaweza kujitokeza saa kadhaa au hata siku mbili baadaye, wakati mteja amekwisha kuondoka na geti lake. Mafundi wengi walisema wanavianika vijiti juu ya bati. Jua la Dodoma ni kali, lakini kijiti cha aina hiyo kilichokwisha kunyonya unyevu huhitaji tanuri la nyuzi 260 au zaidi, na hakuna bati linalofika huko. Kila fundi alichomelea vipande viwili, akavibana kwenye jiliwa na kuvipinda kwa nyundo, na tulivitazama vikipinda au vikipasuka bila mtu yeyote kuchekwa.

Kisha fundi mmoja wa makamo, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi, akauliza: "Mhandisi, mimi nikichomelea springi ya lori, haikatiki pale nilipochomelea. Inakatika pembeni yake, kama upana wa kidole. Mbona?" Nimesikia maswali mengi katika vikao vya wahandisi, na sikumbuki lililokuwa na macho makali kama hilo. Springi ina kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 0.6. Sehemu iliyo pembeni ya kiungo hupata joto kali bila kuyeyuka, kisha chuma baridi kilichoizunguka huinyonya joto hilo kwa haraka, ikawa kama imechovywa majini. Hapo huzaliwa ukanda mgumu na mwepesi kuvunjika kama kioo. Mwezeshaji alimjibu, "Fundi, umeliona mwenyewe jambo ambalo sisi tunaliangalia kwa hadubini," na akamshauri asichomelee springi kabisa, bali abadilishe jani zima.

Fundi huyo hawezi kuwa mwanachama. Katiba ya chama inataka shahada au stashahada ya uhandisi, na mtu asiye nayo anaweza tu kualikwa na mwanachama, akae, asikilize, asipige kura. Ninaelewa kwamba jina la uhandisi nchini linalindwa na sheria, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina haki ya kulilinda. Lakini kumpokea fundi kama mwanachama mshiriki hakumpi cheo cha mhandisi. Chama chetu kimeiga mpangilio wa matawi ya ASM International, jumuiya ya watu wa metali ya Marekani, yaani kikao cha jioni kila mwezi, muhadhara, chakula na ziara, na wanaojua historia hiyo wanakumbuka kwamba jumuiya ile ilianza Detroit mwaka 1913 kama klabu ya watu wanaokitia chuma joto na kukipoza viwandani, na ndipo baada ya miaka 20 ikaitwa Chama cha Metali cha Marekani. Ilianzia karakana. Tumechukua ratiba yao, tumeuacha mlango walioingilia.

Mzee wetu wa reli aliligusa jambo hili kwa njia yake katika kikao cha mwezi Agosti, alipotueleza kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Kagera. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya uchunguzi wao yaliyoonyesha kwamba wahunzi wa magharibi mwa Ziwa Victoria walikuwa wakipata chuma chenye kaboni katika matanuri ya udongo miaka zaidi ya 1,500 iliyopita, na wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliijenga upya tanuri mbele yao. Vijana wawili waliokaa karibu nami, wahitimu wa chuo kikuu, walikuwa hawajawahi kusikia habari hiyo. Wahunzi hao, kwa masharti yetu, wangekaa viti vya wageni.

Ziara mbili nizitaje kwa ufupi. Ile ya maabara ya upimaji wa madini ilikuwa nzuri kwa wanafunzi, ingawa kwa mtu wa miundo ilikwenda haraka mno. Ile ya kwa wasubu sufuria ilinikaa moyoni zaidi. Vijana wanayeyusha alumini chakavu, ambayo inahitaji nyuzi 660 tu, juu ya mkaa unaopulizwa na feni, na wanamimina kwenye kalibu za mchanga kwa ustadi wa kustaajabisha. Tatizo liko kwenye chakavu: rejeta zenye lehemu, sehemu za injini na vyuma vilivyochanganyika na mabaki ya betri vyote huingia chungu kimoja, na tafiti zilizofanywa katika nchi kadhaa za Afrika zimeonyesha kwamba metali ya risasi inaweza kutoka kwenye sufuria za namna hiyo na kuingia kwenye chakula, hasa chenye uchachu kama nyanya au ukwaju. Wanachama walikaa na vijana hao nusu siku wakiwafundisha kuchambua chakavu, kuweka rejeta na betri kando, na kutumia nyaya na fremu safi kwa vyombo vya kupikia. Hakuna aliyewatisha wala kuwadharau. Nilijivunia chama siku ile.

Kwa shule za sekondari chama kina zoezi moja ambalo kila mwalimu wa fizikia au kemia anaweza kuliiga. Sindano tatu za kushonea hupashwa moto hadi kuwa nyekundu. Ya kwanza huachwa ipoe polepole, nayo hupinda kama waya. Ya pili huchovywa majini, nayo ukiipinda huvunjika kwa mlio. Ya tatu huchovywa majini, ikasuguliwa, kisha ikapashwa tena taratibu hadi rangi ya samawati itokee juu yake. Hiyo hupinda na kurudi ilivyokuwa. Chuma ni kilekile, kaboni ni ileile, kilichobadilika ni namna ilivyopashwa moto na kupozwa. Niliwaona wasichana wa kidato cha tatu wakigombania sindano ya nne.

Upande wa uendeshaji una upungufu ambao mtu anayetaka kujiunga anapaswa kuujua mapema. Vyeti vya saa za mafunzo endelevu, ambavyo mhandisi aliyesajiliwa anavihitaji, vilinifikia baada ya miezi mitatu na simu nne. Vikao huchelewa kuanza kwa nusu saa, jambo linalowaumiza wanaotoka Mtumba na kurudi kwa daladala usiku. Mwanafunzi hulipa nusu ya ada, kiasi ambacho bado ni kikubwa kwake. Na hata mtoa mada anapoongea Kiswahili kizuri, maandishi yake ukutani huwa ya Kiingereza, hata siku ya wachomeleaji, na nilimwona fundi mmoja akimwomba jirani amtafsirie neno moja baada ya jingine hadi akakata tamaa.

Lakini upungufu unaoniuma kuliko yote ni kwamba yanayosemwa mezani hayaandikwi. Katibu huandika waliohudhuria na michango ya fedha. Mhimili wa Bahi, koki ya shaba, bomba lililotoboka, vyote vimejadiliwa na watu wenye ujuzi wa miaka mingi, na hakuna ukurasa hata mmoja unaoeleza kilichoonekana na kilichoshauriwa. Mzee wetu ametimiza miaka sabini na minne. Nimejitolea kuanza daftari hilo, picha moja na nusu ukurasa wa Kiswahili kwa kila kipande, na mwenyekiti ameniruhusu kulileta kikaoni.

Kwa hiyo mhandisi wa miundo, wa maji, wa migodi au wa mitambo anayeishi hapa na anayekutana na vitu vinavyovunjika asijivute. Ajiunge, aje na kipande mkononi, na asihukumu chama kwa kikao kitakachomwangukia siku ya muuza rangi. Anayetafuta cheti tu atapata njia za haraka zaidi. Fundi asisubiri katiba ibadilike: amwombe mwanachama yeyote amwalike, na siku ya wachomeleaji haihitaji mwaliko.

Nimekwisha lipia mwaka wa pili. Alhamisi ijayo nitapeleka boliti ya kitovu cha gurudumu la tela, iliyokatika kwenye barabara ya Kondoa. Nimeifunga kwenye gazeti bila kuugusa uso wake, na fundi aliyeifungua, yule mwenye swali la springi, amekubali kuja nami kueleza alivyoikuta.